Nani Anaruhusiwa Kumuua Kirimu?

Katika kikao cha idara mwezi uliopita, mwalimu wetu mmoja, ambaye ninamheshimu na ambaye ndiye aliyenifundisha kusoma shairi bila haraka, alisema kwamba mwanafunzi wa fasihi anayecheza mchezo wa ubao uliotokana na riwaya ni kama mtoto anayelamba karatasi ya peremende akidhani ameonja peremende. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu maneno yalikuwa mazuri na kwa sababu yalinihusu. Nilikuwa nimepeleka mbele ya kikao hicho mada ya kazi yangu ya mwisho ya masta, juu ya michezo ya aina hiyo. Ilirudishwa siku ileile ikiwa na maneno matatu pembeni: "Chagua mada nyingine."

Nimechagua nyingine. Sasa naandika juu ya viambishi vya wakati katika Kiswahili cha Kisangani, na kazi inaendelea vizuri. Kwa hiyo nisisomwe kama mtu anayelia kwa kunyimwa. Naandika kwa sababu naona mwalimu alisema kweli nusu, na nusu iliyobaki inatugusa sisi watu wa fakulte hii kuliko inavyowagusa watu wa London au Brussels.

Nianze na sanduku lenyewe. Mwenzetu mmoja alitumiwa na shangazi yake anayeishi Liège mchezo uitwao "Duel pour la Terre du Milieu". Ulitoka mwaka 2024 katika nyumba ya uchapishaji ya Repos Production, Brussels, na waliouunda ni Wafaransa wawili, Antoine Bauza na Bruno Cathala. Unachezwa na watu wawili: mmoja ni Sauron, mwingine ni kundi la wasafiri wanaopeleka Pete kwenye moto ilikotengenezwa. Katikati ya meza kuna karata zilizopangwa kwa sura tatu, kila mtu anachukua moja kwa zamu yake, na kuna njia tatu za kushinda. Wasafiri wafike mlimani kabla ya kukamatwa, au wakamatwe. Au mchezaji aweke watu wake katika maeneo yote saba ya ramani. Au apate kuungwa mkono na mataifa sita: wahobiti, wanadamu, elfu, vibeti, enti na wachawi. (Neno "elfu" kwa hao watu warefu wenye masikio ya ncha linanikera, maana wanageuka kuwa hesabu. Lakini hatujapata jingine, na aliye nalo atuletee.)

Tulikuwa sita, tukicheza Ijumaa jioni katika chumba cha mwenye sanduku, na umeme ulipokatika tulimulika kwa simu. Kati yetu sita, mmoja tu alikuwa ameisoma riwaya ya Tolkien. Wengine tulikuwa tumeona filamu za Peter Jackson, na mmoja hakuwa na habari yoyote. Alifikiri Mordor ni chapa ya viatu. Ijumaa ya pili, huyo asiyejua kitu alicheza upande wa Sauron na akashinda. Hakushinda kwa vita wala kwa kuinasa Pete. Alishinda kwa njia ya tatu: alikusanya alama za mataifa sita, wahobiti wakiwemo, na wote wakamuunga mkono Sauron. Alifurahi sana. Yule aliyesoma riwaya aliinuka mezani, akasema, "Hiyo haiwezekani," akatoka nje. Tulidhani amekasirika kwa sababu ameshindwa. Baada ya robo saa alirudi na kitabu, juzuu ya kwanza, tafsiri ya Kifaransa ya Francis Ledoux, kurasa zimeanza kuachana. Akatusomea kwa sauti mpaka saa tano usiku.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri kwamba mwalimu amekosea kidogo. Anayelamba karatasi ya peremende hawezi kujua kwamba karatasi imedanganya juu ya utamu. Sisi tuliujua uongo wa mchezo kwa sababu mmoja wetu alikuwa na kitabu kichwani, na wengine tukautambua kwa kuucheza. Kanuni ya mchezo ilikuwa imetoa hoja juu ya riwaya, kwamba mataifa haya ni kura tu na yeyote anaweza kuzikusanya. Hoja hiyo ni mbaya. Lakini ni hoja, na hoja mbaya iliyo wazi humfaa mwanafunzi kuliko sifa za jumla anazoandika kwenye mtihani.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma kanuni za michezo. Wachapishaji wengi huziweka bure kwenye intaneti, na mimi huzisoma kama mtu anavyosoma tamthilia ambayo hajaiona jukwaani. Nataka kuwaonyesha wenzangu mbili kati ya hizo, kwa maana zote mbili zinasoma kitabu kilekile na hazikubaliani.

Ya kwanza ni ya mwaka 2000. Aliyeiunda ni Mjerumani Reiner Knizia, mwanahisabati mwenye shahada ya udaktari. Katika sanduku lake la kwanza, hakuna mtu anayecheza Sauron. Wachezaji wote ni wahobiti, wote wako upande mmoja, na adui ni kete moja iliyosimama mwisho wa mstari. Upande huu wa mstari kuna nuru, upande ule kuna giza. Kila mara mambo yanapoharibika, ama mhobiti anasogezwa kuelekea giza, ama Sauron anasogea kuelekea kwake. Wakikutana, na aliyekutana naye ndiye mwenye Pete, wote wameshindwa, hata yule aliyecheza vizuri kuliko wenzake. Mhobiti mwingine akiangamia, wenzake wanaendelea bila yeye. Basi inatokea mezani, na ni jambo la kawaida katika mchezo huo, kwamba mtu anakubali mhobiti wake aangamie ili mbeba Pete apite. Hakuna sentensi hata moja ya Tolkien katika mstari ule, wala mapambo mengi. Lakini jambo kuu la riwaya, kwamba ubaya hauji kama askari bali unakusogelea na wewe unausogelea, limeingia lote.

Ya pili ni ya mwaka 2004, "War of the Ring", ya Waitalia watatu: Roberto Di Meglio, Marco Maggi na Francesco Nepitello. Huu ni mchezo mkubwa, wenye ramani inayojaza meza na kete nyingi kupita kiasi. Sitaueleza wote. Nataka kanuni moja tu. Askari wa Mataifa Huru akiuawa, kete yake inatolewa mchezoni na hairudi. Askari wa Kivuli akiuawa, kete yake inarudi kwenye akiba na kesho anaweza kuja tena. Basi. Mtu anayecheza upande wa Mataifa Huru anaweza kushinda kila vita na bado akamalizika. Anaelewa kwa mikono yake kwamba kazi ya majeshi yake si kushinda, ni kuchelewesha, mpaka watu wawili wenye njaa wafike mahali fulani. Nimesoma makala za uhakiki zenye kurasa thelathini ambazo hazikufika hapo.

Sasa linganisha na kile kisanduku cha Brussels, ambamo Sauron na maadui zake wanachukua karata zilezile kwa bei ileile. Nakiri kwamba kati ya michezo hii ndio unaochezeka kwa urahisi: dakika arobaini na tano umekwisha, na hata aliyechoka na masomo anauweza. Lakini umejengwa juu ya mchezo mwingine wa awali wa waundaji haohao, uliohusu miji ya kale na maajabu yake, na unaona mwili wa zamani chini ya nguo mpya. Mwaka 2025 ukaja mwingine, "Fate of the Fellowship" wa Mmarekani Matt Leacock, uliojengwa juu ya mchezo wake wa 2008 kuhusu magonjwa ya kuambukiza. Majeshi ya Kivuli yanaenea kwenye ramani kwa namna ya maradhi. Huo nao ni usomaji, na nadhani ni usomaji mzuri: uovu kama homa, inayozuka hapa wakati unaizima kule. Mwaka huohuo ukatoka na mchezo wa karata unaofuata juzuu ya kwanza sura kwa sura. Mvua hii yote ya sanduku haikunyesha yenyewe. Tolkien aliuza haki za filamu na bidhaa mwaka 1969 kwa kampuni ya United Artists. Haki hizo zilipita mikono kadhaa mpaka mwaka 2022 zikafika kwa kampuni ya Embracer ya Uswidi, ambayo mwaka uleule ilikuwa imeitwaa pia Asmodee ya Ufaransa, wenye nyumba nyingi za michezo, ile ya Brussels ikiwemo. Asmodee ilijitenga nayo mwaka 2025, lakini mbegu zilikuwa zimeshapandwa. Mwenye shamba na mwenye jembe walikuwa mtu mmoja, basi wakalima.

Hapa namrudishia mwalimu nusu yake. Tolkien alikuwa mtu wa fakulte kama yetu. Alikuwa profesa Oxford tangu 1925 mpaka 1959, kwanza wa Kiingereza cha kale, kisha wa lugha na fasihi ya Kiingereza. Aliunda lugha kwanza, zenye fonolojia na historia ya mabadiliko ya sauti, halafu akazitafutia watu wa kuzisema na nchi ya kukaa. Alijali majina kiasi cha kuwaandikia wafasiri mwongozo: lipi litafsiriwe, lipi liachwe. Ndiyo maana Wafaransa wana wahobiti wawili katika mtu mmoja: kwa Ledoux jina la ukoo wa Frodo ni Sacquet, na kwa Daniel Lauzon, aliyetafsiri upya kuanzia 2014, ni Bessac. Somo zima la tafsiri limo katika jina hilo moja. Na sanduku zote nilizozitaja zinafanya nini na lugha? Zinazichapa juu ya karata kama mapambo. Zimechukua ramani, panga na farasi; kile ambacho mwandishi alikipenda kuliko vyote zimekiacha mlangoni. Mtu anaweza kucheza miaka kumi asijue kwamba majina yale yana mizizi na viambishi. Kwa fakulte ya lugha hilo si dogo.

Lakini lugha ni mdudu anayeingia hata penye ufa. Katika Ijumaa zetu niliona jambo ambalo mwishowe limenisaidia katika ile mada nyingine niliyoambiwa nichague. Kanuni ziko kwa Kifaransa, mezani tunasema Kiswahili chetu. Kete ya Frodo na Sam ilipokwenda mbele, kila mtu alisema "wamesogea". Kete ya Nazgûl, inayowafuata nyuma kwenye njia ileile, wengi walisema "imesogea". Hakuna aliyepanga hivyo. Wale waliokwisha kusomewa kitabu waliendelea na "imesogea", isipokuwa mmoja, yule aliyesoma riwaya yote, ambaye alisema "amesogea", na tulipomuuliza akajibu, "Walikuwa watu. Walikuwa wafalme." Upatanisho wa kisarufi ulikuwa umefanya uhakiki. Ningependa kuuona mtihani wetu wa mofolojia ukiuliza swali kama hilo.

Wapo watakaosema haya yote ni mambo ya Wazungu, yaende nao. Ubao wa mchezo si wa Wazungu. Katika jumba la makumbusho la British Museum, London, kuna sanamu ya mfalme wa Wakuba, Shyaam aMbul aNgoong, iliyochukuliwa Kasai na Emil Torday mwanzoni mwa karne iliyopita. Kila sanamu ya mfalme wa Kuba ina alama yake mbele, na alama ya Shyaam ni ubao wa mashimo, jamaa ya kisolo cha Waluba na bao la pwani. Katika mambo yote ambayo mfalme yule angeweza kukumbukwa nayo, wachongaji waliweka mchezo. Wala kuchanganya mchezo na hadithi ya ajabu hakukuanza na sanduku za plastiki. Lewis Carroll, ambaye Alice wake ameletwa kwa Kiswahili mara mbili, mwaka 1940 na tena 2015 kwa mkono wa Ida Hadjivayanis, alitoa mwaka 1871 kitabu cha pili ambamo Alice ni kitunda cha sataranji kinachotembea mpaka kinakuwa malkia, na mwanzoni mwa kitabu ameuchora ubao na hatua zake kumi na moja. Yeye alitoka kwenye mchezo akafika kwenye kitabu. Hawa wa leo wanarudi kwa njia ileile.

Nasi tuna cha kwetu, na ndipo linaponiuma.

Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga, huko Walikale, mtambaji Candi Rureke alisimulia, akiimba na kucheza, utendi wa Mwindo. Daniel Biebuyck aliuandika, na pamoja na Kahombo Mateene, Mnyanga mwenyewe na mwanaisimu, waliutoa mwaka 1969 California, Kinyanga na Kiingereza. Mwindo anazaliwa akitembea na kusema, kwa baba, Shemwindo, aliyetangaza kwamba hataki mtoto wa kiume. Baba anajaribu kumuua, anashindwa. Mtoto anakwenda kwa shangazi yake Iyangura, anarudi na nguvu, baba anakimbilia chini ya ardhi, naye anamfuata huko. Mkononi ana mgwisho wake, conga, ambao hauishiwi uwezo. Mwenye kutafuta fantasia, nini tena anatafuta?

Na ndani ya utendi huo kuna mchezo. Mwindo anafika kwa Sheburungu, ambako baba yake amejificha, na Sheburungu anamwambia: kwanza tucheze. Wanacheza wiki, mchezo wa mbegu, wa kuweka dau. Mwindo anapoteza. Anaweka mali, inakwenda. Mifugo, inakwenda. Watu wake, shangazi yake, hata kijiji chake Tubondo, vyote vinakwenda. Anabaki na mgwisho peke yake. Anauweka huo, na kuanzia hapo anashinda vyote tena, kimoja kimoja, ndipo anapompata baba. Sijui mahali pengine katika fasihi ambapo mchezo unapimwa uzito kiasi hicho. Mtu anacheza kwa kuweka watu anaowapenda, na anachocheza nacho mwishowe ndicho kinachomfanya awe yeye.

Basi sisi sita tukaanza kutengeneza. Ubao ulitoka kwenye boksi la sabuni, kete zilikuwa vizibo vya chupa, na kitabu kilikuwa fotokopi ya fotokopi, kurasa za katikati zimefifia. Toleo letu la kwanza lilikuwa baya, na lilikuwa baya kwa namna ileile ya Sauron kuungwa mkono na wahobiti. Karibu na mwisho wa utendi, Watwa wa Mwindo wanakwenda kuwinda nguruwe, wanakutana na Kirimu, joka lenye vichwa saba, linawameza. Mwindo analiua. Kwa kuwa sote tumelelewa na filamu na simu, tulimpa pointi kumi anayemuua Kirimu. Kumi, pointi nyingi kuliko zote mchezoni.

Binti mmoja wa mwaka wa tatu, mzaliwa wa Walikale, alikuja kutazama, akauliza kwa upole, "Na Nkuba je?" Tulikuwa tumeruka kurasa. Nkuba, radi, alikuwa amechanjana damu na Kirimu. Harufu ya rafiki yake inapomfikia, anashuka kumchukua Mwindo, anampandisha mbinguni, na huko anakaa mwaka mzima katika baridi, akipita kwa mvua, mwezi, jua na nyota, akikaripiwa na kufundishwa kwamba asiue tena wanyama. Anarudi akiwa mtu mwingine, na ndipo anapotawala sawasawa. Utendi hauishii kwenye joka lililokufa. Unaishia kwenye shujaa aliyeadhibiwa kwa kuliua. Tungeuchapa mchezo ule na pointi zetu kumi, tungekuwa tumefundisha watu kinyume cha kile Rureke alichoimba, na kwa jina lake.

Tukabadilisha. Sasa anayemuua Kirimu anapoteza zamu zake mpaka ubao uzunguke wote, akikaa juu, kete yake kwenye kona tuliyoipaka rangi ya samawati. Wachezaji wapya wanalalamika kila mara: "Kwa nini niadhibiwe na nimeshinda?" Na kila mara inabidi mtu afungue ile fotokopi asome. Nimehesabu: katika miezi mitatu, watu kumi na wanne wa fakulte hii wamesoma au kusomewa sehemu ya utendi wa Mwindo kwa sababu ya kugombania kanuni moja. Katika miaka yangu mitano hapa, darasani tuliusikia kwa jina, saa moja, kati ya Sundiata na mada nyingine.

Nilitaka makala hii iishe hapo, kwa ushindi. Lakini kuna jambo lililotupata wiki tatu zilizopita ambalo sijalimaliza.

Yule binti alitupeleka kwa papa mmoja anayeuza mafuta ya mawese karibu na soko, Mnyanga, aliyekuja huku kwa njia ya Lubutu wakati wa vita. Kwa wengi wetu jina la Walikale ni la redio: mapigano, kasiteriti, watu waliokimbia. Kwake ni mahali alipokuwa mtoto akisikiliza wazee. Tulimtandikia ubao, tukamweleza kila kitu, nami nikasema sana kuliko wote. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza maswali mawili. La kwanza: "Nani aliwapa?" Nilianza kumweleza kuhusu kitabu cha California, akanikatiza kwa mkono, bila ukali. La pili: "Na anayeimba ni nani? Naona huu ni wa kimya."

Sikuwa na jibu la lolote kati ya hayo, na sina mpaka leo. Kwa mhobiti, swali la nani aliwapa lina jibu: kuna mkataba, kuna kampuni, kuna mwanasheria. Kwa Mwindo hakuna wa kumwandikia barua. Mtu wa Seattle akiamka kesho na kutoa sanduku la Mwindo lenye pointi kumi za Kirimu, hakuna atakayemzuia, na hakuna atakayejua kwamba amekosea isipokuwa watu wachache wasio na meza ya kuzungumzia. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kusema kwamba kazi hii ifanywe hapa, katika fakulte ya lugha, na ifanywe kama tunavyofanya tafsiri: mtu akae na matini ya Kinyanga, na msemaji wa Kinyanga pembeni yake, na atetee kila kanuni mbele ya watu wanaoweza kumpinga. Lakini mimi ni mtu wa Kindu. Kinyanga sijui zaidi ya salamu. Ninapodai kwamba kazi hii ni yetu, "yetu" hiyo imebeba nini? Mwalimu aliyeikataa mada yangu hakuniuliza swali hilo, na nakiri lingenishinda kuliko mfano wake wa peremende.

Kuhusu ukimya, papa ana haki kabisa. Rureke hakusimulia kwenye karatasi. Aliimba, wakamjibu kwa nyimbo, wakapiga, wakampa chakula na zawadi katikati ya kazi. Tulichukua vijiji, mito na mgwisho, tukaacha sauti mlangoni, kama wale wa Tolkien. Mmoja wetu amependekeza kwamba anayepoteza kila kitu kwa Sheburungu asiweze kuweka mgwisho wake kama dau mpaka aimbe, na meza yote imwitikie. Wengine wanaona aibu. Mimi naona ndiyo kanuni ya kwanza tuliyoipata ambayo haikutoka kwenye sanduku la mtu mwingine.

Wimbo wa kuimba hatunao bado. Papa alisema mke wake anakumbuka mbili tatu za utotoni, ingawa hajui kama ni za Mwindo au za kutwangia. Ameahidi kuja naye Ijumaa, akimaliza kuuza mapema.